Kukagua Madai ya Wasambazaji wa Mitambo: Mwongozo kwa Viwanda vya Chumvi vya Malindi

Ukanda wa chumvi ulio kaskazini mwa Malindi, kuanzia Gongoni hadi Marereni na Kurawa, hula chuma. Pampu inayodumu miaka mingi bara, huku pwani huanza kuvuja mapema. Bolti hushikana, fremu hubambuka, kebo hushika ukungu wa kijani penye viungo. Ndiyo maana viwanda vya huku hununua mitambo mara kwa mara, na kila ununuzi huja na madai: malipo ya kutangulia, malipo ya awamu, kazi za nyongeza, usafiri, siku zilizopotea kwa mvua, tofauti ya bei ya dola.

Mwongozo huu ni wa mhasibu, mkaguzi wa ndani na mhandisi wanaopaswa kukaa pamoja na kusema: hili tulilipe, hili tulipe nusu, hili tulirudishe. Ukiushika kwa jambo moja tu, liwe hili: dai likaguliwe wakati kitu kingali kinaonekana. Msingi ukishamwagiwa zege na fremu ikishapakwa rangi, utabaki na karatasi, na karatasi huandikwa na yule anayedai.

Hatua ya 1: Weka haki ya kukagua ndani ya mkataba

Bila kifungu cha ukaguzi, msambazaji ana haki ya kukufungia mlango. Kiandikwe kabla ya oda kutoka, kwa maneno yasiyo na kona. Mfano:

"Mnunuzi au mtu aliyemteua anaweza kukagua, kwa taarifa ya siku 5 za kazi, hesabu, ankara za manunuzi, karatasi za mahudhurio ya mafundi, vyeti vya vifaa na vifaa vyenyewe vinavyohusu dai lolote chini ya oda hii, mahali popote vilipo, hadi miezi 24 baada ya malipo ya mwisho. Kiasi kitakachoonekana kimezidi kitarejeshwa au kukatwa katika dai linalofuata."

Sehemu ya "mahali popote vilipo" ina uzito, kama tutakavyoona kwenye kalibu za makopo, Hatua ya 7. Angalia pia aina ya bei. Ikiwa ni bei moja ya jumla kwa kazi nzima, huna haja ya kujua fundi alilipwa ngapi. Unakagua kama kazi imekamilika na ina ubora uliokubaliwa. Ikiwa ni bei kwa kipimo (kwa kilo, mita au mita ya ujazo), unakagua vipimo. Ikiwa ni gharama halisi pamoja na asilimia ya faida, hapo unakagua kila risiti. Wakaguzi wengi wachanga hupoteza juma zima wakidai risiti za kazi iliyouzwa kwa bei moja ya kazi nzima, na msambazaji anakasirika kwa haki.

Mambo mengine ya kuandika mapema: fedha za kushikilia (sehemu ya malipo mnayoibakiza, kwa kawaida asilimia 10, nusu hutolewa kazi ikikamilika, nusu baada ya kipindi cha kasoro cha miezi 6 au 12), dhamana ya benki kwa malipo ya kutangulia, nani ana mamlaka ya kuagiza kazi ya nyongeza, na kiwango cha ubadilishaji fedha kitakachotumika. Kwa dola, andika "wastani wa Benki Kuu ya Kenya wa siku ya ankara" au "wa siku ya malipo". Chagua moja. Pasipoandikwa, kila upande utachagua siku inayoupendeza.

Hatua ya 2: Fungua daftari moja la madai

Kila dai liingie siku lilipofika, hata likiwa na kasoro. Safu zinazohitajika: tarehe ya kufika, jina la msambazaji na PIN yake (namba ya mlipa kodi), namba ya oda, namba ya ankara, awamu ya ngapi, kiasi kabla ya VAT, VAT, jumla iliyokwisha kulipwa chini ya oda hiyo, jumla ya oda pamoja na nyongeza zilizoidhinishwa, na kilichobaki.

Safu mbili za mwisho ndizo zinazookoa fedha. Oda ya milioni 6 yenye awamu nne hupita kiasi chake kimyakimya ikiwa kila awamu inaangaliwa peke yake. Namba za ankara zipangwe bila alama, nafasi wala sifuri za mwanzo, maana ankara moja inaweza kuingia mara mbili, moja kama "INV-0147" na nyingine kama "INV147", na mfumo wa hesabu usigundue.

Mji ni mdogo na watu ni jamaa. Mwenye lori anaweza kuwa shemeji wa mweka stoo, na hilo si kosa. Kosa ni kutolisema. Weka ukurasa mmoja mbele ya daftari ambapo kila anayegusa madai huandika undugu wake na msambazaji yeyote, kisha dai la jamaa yake lipokelewe na mtu mwingine. Ofisi ikiwa na watu watatu tu, bado inawezekana: aliyeagiza asipokee, aliyepokea asiidhinishe malipo.

Hatua ya 3: Chagua ya kukagua kwa undani

Huwezi kupima kila kitu. Kagua kikamilifu: kila dai la mwisho la mradi, kila kazi ya nyongeza, kila dai la gharama halisi, kila kitu kitakachofunikwa (misingi, mabomba ya ardhini, nondo), na kila dai linalozidi kiwango mlichoweka, tuseme shilingi 500,000. Yaliyobaki, chukua moja kati ya matano bila kutangaza utaratibu. Dai la kwanza la msambazaji mpya lisiachwe hata likiwa dogo.

Hatua ya 4: Kazi ya mezani

Linganisha oda, hati ya kupokea mzigo na ankara. Hili linajulikana, na kwa vifaa vya stoo linatosha. Kwa mitambo halitoshi, kwa sababu mweka stoo alihesabu masanduku. Hakupima kama mota iliyomo ni ya kilowati 22 au 18.5.

Kwa msambazaji wa hapa nchini, ankara iwe ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya aina hiyo kwa jumla haikubaliki kwenye hesabu za kodi ya mapato, na kwa mtambo wa mamilioni hilo ni pigo. Thibitisha PIN kwenye tovuti ya KRA. Kwa kazi za mkandarasi mkaazi wa Kenya, kumbuka kodi ya zuio ya asilimia 3 ya thamani ya kazi kabla ya VAT. Mkandarasi akilalamika amelipwa pungufu, mara nyingi ni hii, na dawa yake ni kumpa cheti cha zuio mapema, si kubishana.

Kwa mzigo ulioagizwa nje, soma masharti ya bei kabla ya kitu kingine chochote. CIF Mombasa maana yake muuzaji amekwisha kuweka nauli ya meli na bima ndani ya bei hadi bandarini. Ukiona ankara ya pili yenye "nauli ya meli", uliza. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, na Gongoni iko mbele zaidi. Usafiri huo wa lori ni halali kudaiwa, lakini mara moja. Mtambo wa barafu unaokwenda kisiwani Amu (Lamu) huongeza mlango mwingine wa kosa: lori hufika Mokowe, gati la upande wa bara, mzigo huteremshwa, hupakiwa chomboni, huvushwa, huteremshwa tena gatini. Anayesema "usafiri hadi kiwandani" ameshajumuisha hayo yote, kwa hiyo mstari wa "makuli wa Mokowe" chini yake ni malipo ya pili.

Linganisha pia namba za mashine zilizo kwenye orodha ya vifurushi na zile za hati za forodha, uziandike kwenye karatasi yako ya kiwanjani. Utazihitaji baada ya saa moja.

Hatua ya 5: Nenda kiwanjani

Hapa ndipo dai linapopona au kufa. Mwambie mkandarasi mapema na aje mwenyewe. Kipimo kilichochukuliwa na pande mbili kikatiwa saini papo hapo hakirudi kuwa ugomvi. Anza kwa kauli ya heshima: "Mzee, tupime pamoja, kila mmoja aandike kwake, kisha tulinganishe." Chukua utepe wa mita 30, kalipa, kipimo cha unene wa zinki, kipima ampea cha kubana, sumaku, saa na kamera inayoandika tarehe.

Chuma cha kujengea. Madai mengi huja kwa kilo, na hakuna mzani kiwanjani. Hesabu mwenyewe: sahani ya chuma ya unene wa milimita 1 ina kilo 7.85 kwa mita ya mraba, kwa hiyo ya milimita 6 ina kilo 47.1. Nondo: zidisha kipenyo kwa kipenyo kwa milimita, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa mita. Nondo ya 12 ni 0.89, ya 16 ni 1.58. Chuma cha pembe cha 50 kwa 50 kwa 6 ni kama kilo 4.47 kwa mita.

Tuseme jukwaa la kinu cha kusagia limedaiwa kilo 3,800 kwa shilingi 280 kwa kilo. Mkipima mnapata mihimili ya kilo 25.1 kwa mita, jumla mita 64, yaani kilo 1,606. Vyuma vya pembe mita 120, kilo 536. Sahani za milimita 6 mita za mraba 18, kilo 848. Jumla ni kilo 2,990. Ongeza asilimia 5 kwa bolti, vibao vya viungo na kuchomelea, unafika 3,140. Tofauti ni kilo 660, shilingi 184,800. Kabla hujasema umeibiwa, uliza. Sababu ya kawaida ni kwamba mkandarasi alijumlisha mihimili mizima ya mita 12 aliyonunua, pamoja na vipande vilivyobaki. Mkataba ukisema "chuma kilichosimamishwa", vipande ni hasara yake. Ukisema "chuma kilichonunuliwa", vipande ni vyenu, basi viko wapi? Nenda mkavione.

Misingi na udongo. Shimo la mita 6 kwa 4 kwa 1.5 ni mita za ujazo 36. Mchanga ukichimbwa huvimba kwa asilimia 10 hadi 15, kwa hiyo utajaza lori kama mita 41. Lori la mita 5 litakwenda safari 9. Dai likisema safari 12, ama limezidi, ama shimo lilibomoka pembeni, jambo la kawaida sana kwenye mchanga wa Gongoni. Kingo zenye mteremko kwa usalama wa vibarua ni kazi ya kweli na si vizuri kumnyima mtu haki yake. Lakini picha ya shimo wazi, yenye utepe ndani, ndiyo ithibitishe. Soma vilevile kama bei ni kwa ujazo wa shimo au wa udongo uliolegea. Kosa moja hapa huongeza dai kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi bila mtu kudanganya.

Nondo zipigwe picha na kuhesabiwa kabla ya zege kumiminwa. Weka sharti: hakuna zege bila saini ya mhandisi wenu. Mkandarasi akimimina usiku kwa kuwa gari la zege lilichelewa, dai la nondo lisimame hadi kipimo kipatikane kwa njia nyingine, kwa gharama yake.

Zinki. Kwenye hewa ya chumvi ndiyo maisha ya fremu yenyewe. Chuma cha unene unaozidi milimita 6 kilichochovywa kwenye zinki ya moto, kwa kiwango cha ISO 1461, kiwe na wastani wa angalau mikroni 85, na pasiwe mahali chini ya mikroni 70. Cha milimita 3 hadi 6, wastani wa 70 na chini kabisa 55. Pima sehemu tano kwa kila kipande kikubwa, hasa pembe za ndani na karibu na viungo. Kuna fremu hupakwa rangi ya fedha yenye zinki, ambayo kwa macho ya mbali haina tofauti. Kipimo cha unene peke yake kinaweza kudanganyika kwa rangi nzito, basi kwaruza pembeni kwa kisu: rangi hutoka kama ganda, zinki ya moto haibanduki. Mmelipia kuchovya, mmepata brashi. Tofauti ya bei ni kubwa, na tofauti ya miaka ni kubwa zaidi.

Chuma cha pua. Kwa maji chumvi mliagiza daraja la 316, na huenda mmeletewa 304, ambalo ni la bei nafuu zaidi na hutoboka vitundu vidogo kwenye chumvi. Sumaku haikusaidii hapa. Yote mawili kwa kawaida hayavutwi, au huvutwa kidogo tu mahali yalipokunjwa. Kinachotofautisha ni molibdeni, iliyomo asilimia 2 hadi 3 kwenye 316. Kuna kifaa kidogo cha kupima kwa matone na betri, na kuna maabara zenye bastola ya eksirei. Njia ya karatasi ni cheti cha kiwanda kilichoyeyusha chuma: namba ya myeyusho iliyo kwenye cheti ilingane na ile iliyopigwa kwenye sahani yenyewe. Cheti kisicho na namba hiyo, au sahani iliyosuguliwa namba, hesabu kwamba hakuna cheti.

Mota na pampu. Soma kibati: kilowati, ampea, mizunguko, namba ya mashine, mwaka. Linganisha na ile karatasi yako ya forodha. Dalili za mashine iliyotumika: rangi iliyopita juu ya vichwa vya bolti, njia ya ufunguo wa shafti iliyolika, ribiti mpya zinazoshika kibati cha zamani. Mota ya nguzo 4 kwa umeme wetu wa hezi 50 haiwezi kuandikwa mizunguko 1,750 kwa dakika. Ukiona hivyo, ni mota ya nchi zenye hezi 60.

Kisha iendeshe. Pampu iliyodaiwa mita za ujazo 120 kwa saa hutoa mita za ujazo 2 kwa dakika, kwa hiyo tangi la lita 10,000 lijae kwa dakika 5. Rudia mara tatu. Na hapa kuna jambo linalosahauliwa: msambazaji huijaribu kwenye karakana kwa maji ya bomba. Maji ya bahari ni mazito kidogo tu, kama mara 1.025 ya maji hayo, lakini maji yaliyokolea ya karibu digrii 25 za Baumé (kipimo cha ukolevu wa maji chumvi), yale yanayoanza kuacha chumvi, yana uzito wa kama mara 1.2. Kwa mtiririko na mwinuko uleule, mota huhitaji nguvu zaidi kwa asilimia 20 hivi. Pima ampea pampu ikisukuma maji hayo yaliyokolea, si mengine. Mota ya kilowati 22 kwa volti 415 huvuta karibu ampea 40 ikibeba mzigo wake wote. Ikivuka ile iliyoandikwa kwenye kibati, hata kama tangi limejaa kwa dakika 5, mtambo haujatimiza oda. Awamu ya "kuwasha na kukabidhi" isilipwe mpaka jaribio hili lisainiwe.

Kazi za umeme zisainiwe na fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya kudhibiti nishati nchini), na namba ya leseni iandikwe kwenye cheti. Mashine ya kutia madini joto ijaribiwe kwa sampuli za chumvi kutoka mwanzo, katikati na mwisho wa zamu, zipelekwe maabara. Kuona tone likidondoka hakuthibitishi mchanganyiko.

Hatua ya 6: Kazi za nyongeza na siku zilizopotea

Kazi ya nyongeza ihitaji vitu vitatu: agizo la maandishi lililotangulia kazi, bei iliyotokana na bei za oda ya awali, na uthibitisho kwamba kazi hiyo haikuwamo tangu mwanzo. La tatu ndilo gumu. Rudi kwenye michoro ya zabuni, si ya mwisho, uone. Bomba la kumwagia maji ya kuoshea linaweza kuwamo kwenye mchoro huku likikosekana kwenye orodha ya bei; mkataba useme kipi kina nguvu.

Kwa vibarua wa kutwa, linganisha karatasi za mahudhurio na daftari la geti. Majina kumi na manne kwenye dai na tisa getini ni swali linalojieleza.

Siku zilizopotea kwa mvua zina shahidi mzuri huku kwetu: viwanda vya chumvi huweka kipimo cha mvua kwa sababu mvua huyeyusha mavuno. Chukua daftari hilo. Milimita 2 zilizonyesha usiku hazisimamishi uchomeleaji chini ya paa. Mvua ya masika mwezi Mei ni ya kutarajiwa. Mkandarasi aliyeweka ratiba ya kuchimba Mei alijua anachokiingia, isipokuwa ninyi ndio mliochelewesha kumpa kiwanja.

Bahari nayo. Kazi ya kwenye mkono wa bahari, mahali pampu za kuvutia maji zinaposimama, hutegemea kupwa na kujaa. Bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) hujulikana miezi mapema kwenye jedwali, na mvuvi yeyote wa Ngomeni atakuambia bila jedwali. Dai la "maji yalijaa, tukasimama siku 6" halina msingi, maana lilipaswa kuwa ndani ya bei. Tofauti ni pale ninyi mlipombadilishia tarehe kutoka maji mafu kwenda bamvua. Hapo mlipeni.

Hatua ya 7: Kalibu na vifaa vyenu vilivyoko kwa watu

Kiwanda kinaponunua makopo ya chumvi ya plastiki, mara nyingi hulipia kalibu (umbo la chuma la kufinyangia makopo) inayobaki kwa mtengeneza makopo, labda Mombasa au Nairobi. Ni mali yenu, lakini hamuioni. Dai lake likaguliwe kwa kwenda huko: uone kalibu yenyewe, hesabu matundu yake, yaani nafasi za kutolea makopo (mmelipia matundu 4, mkute 2), soma namba, ipigwe kibati cha chuma chenye jina lenu, na msambazaji asaini karatasi ya kukiri kuwa anaishika kwa niaba yenu na hataitumia kwa mteja mwingine. Makopo ya kwanza yapimwe uzito na mfuniko kabla ya awamu ya mwisho. Ikiwa bei ilikuwa ya gharama halisi, omba ankara ya aliyeichonga. Wasambazaji wengi hununua kalibu kwa mtu wa tatu, na punguzo walilopewa ni lenu.

Rudi mara moja kwa mwaka. Kalibu isiyokaguliwa husahaulika, na siku mkibadilisha msambazaji mtaambiwa ilichakaa.

Hatua ya 8: Andika hoja, lipa kisichobishaniwa

Usishike dai la milioni 3 kwa ajili ya hoja ya laki mbili. Lipa sehemu iliyo safi kwa wakati wake, tenga yenye swali. Mkandarasi mdogo wa Malindi hulipa vibarua kila Jumamosi. Ukimbana kwa mwezi, bei ya oda inayofuata itabeba uchungu huo. Maneno ya barua yawe ya kawaida:

"Dai namba 4, kiasi shilingi 1,064,000, tumelipokea tarehe 6. Tunalipa shilingi 879,200. Shilingi 184,800 zimesubirishwa kwa kuwa kipimo cha pamoja kilionyesha kilo 3,140 badala ya 3,800. Tafadhali tuletee ndani ya siku 7 karatasi za mzani au tuonyeshe vipande vilivyobaki. Tusipopata, tutaomba mtupe hati ya kurekebisha ankara."

Hiyo hati ya kurekebisha itolewe na msambazaji kupitia eTIMS, la sivyo vitabu vyenu na vyake havitalingana. Jiwekee siku 10 za kazi kutoka kupokea dai hadi kutoa jibu.

Hatua ya 9: Ingiza vitabuni kinachostahili

Kwa kanuni ya kimataifa ya uhasibu IAS 16, gharama ya mtambo ni bei yake, ushuru usiorejeshwa, usafiri, kuandaa mahali, kufunga na kujaribu. VAT mnayorejeshewa haimo. Mafunzo ya wafanyakazi hayamo, hata kama msambazaji ameyaweka kwenye ankara ileile, yatenganishwe. Gharama ya kubomoa msingi uliojengwa vibaya haimo pia.

Malipo ya kutangulia yabaki kama malipo ya awali hadi mtambo uwe wenu. Fedha za kushikilia ziingie kwenye gharama na kwenye deni kwa wakati mmoja. Kuandika kilicholipwa tu hupunguza thamani ya mali na kuficha deni. Uchakavu huanza mtambo unapokuwa tayari kutumika, si siku ya malipo ya mwisho. Tenganisha mashine, magari na samani tangu kwenye ankara, kwa kuwa nafuu ya kodi ya uwekezaji haiko sawa kwa zote.

Hatua ya 10: Kabla ya kuachia fedha za kushikilia

Weka tarehe kwenye kalenda siku 30 kabla ya kipindi cha kasoro kwisha, si siku yenyewe. Rudi na vifaa vilevile. Pima zinki palepale ulipopima mwanzo. Angalia mistari ya kuchomelea kwenye chuma cha pua: madoa ya kahawia huonyesha mahali pasiposafishwa baada ya kuchomelewa, na yakiwa na vitundu ndani, rudi kwenye swali la 316. Fungua boksi la mota. Ukikuta unga mweupe wa chumvi kwenye viungo, kifungio cha kebo hakikukazwa. Pima ampea za pampu tena na uziweke kando ya zile za siku ya kukabidhiwa. Orodha ya kasoro impate mkandarasi angali na siku za kuja kurekebisha, na mkishasaini kwamba amerekebisha, fedha yake itoke juma hilohilo.